Mume Anapodhoofika Chumbani: Tuitazame Damu Kabla ya Kumtafuta Mchawi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wapenzi, wiki hii tumeazimia kulizungumza jambo ambalo nyumba nyingi hulijua na nyumba chache hulitaja. Nalo ni udhaifu wa mume katika tendo la ndoa, pale kiungo chake kinaposhindwa kusimama, au kinaposimama kwa muda mfupi kisha kikalegea kabla ya haja kutimia.

Tunajua wako watakaoona kwamba ukurasa wa familia si mahali pa maneno haya. Tunawakumbusha kwa upole kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Haya ni pambo la muumini, lakini haya inayomwacha mume aangamie kimyakimya, na mke alie peke yake usiku, haijafanya kazi yake. Tutasema kwa adabu, na tutasema wazi.

Kwa nini Kitale na Bungoma

Tunaanzia bara kwa sababu jamaa zetu wako huko. Tangu zama ambapo misafara ya pwani ilikuwa ikipita Mumias kuelekea Uganda, watu wetu hawakuacha kuhamia magharibi: wengine kwa biashara, wengine kwa kazi, wengine kwa ndoa. Leo koo nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zina shangazi aliyeolewa Kitale au mjomba mwenye duka Bungoma, na mashaka yao hutufikia kwa simu na kwa mazungumzo ya arusini.

Huko magharibi tatizo hili lina dawa yake mashuhuri ya barabarani, nayo ni mukombero. Ni mzizi wenye harufu tamu, utafunwao mbichi, ambao vijana huuza kwa vifungu masokoni na kwenye vituo vya matatu. Anayeununua huwa hana haja ya kueleza anautakia nini, kwani kila mtu anajua. Nasi wa pwani tusiwacheke ndugu zetu, maana tuna supu yetu ya pweza, na wanaoinywa jioni huku wakitazamana kwa tabasamu hawainywi kwa ajili ya njaa peke yake.

Basi tuchukue mfano. Tumchukulie bwana mmoja mwenye miaka hamsini na kitu, mwenye ghala la mahindi mjini Kitale, na mkewe ni binti wa pwani. Bwana huyu hukaa kitini tangu asubuhi hadi magharibi. Akitaka kwenda msikitini hupanda bodaboda, ijapokuwa adhana anaisikia. Chai yake ya maziwa ina vijiko vitatu vya sukari, na huinywa mara nne kwa siku. Sigara aliianza ujanani, na kila Ramadhani huahidi kuiacha.

Mwaka mmoja sasa hajiwezi chumbani kama zamani. Mwanzo alisema amechoka. Baadaye akaanza kuchelewa kulala makusudi, ili amkute mkewe amekwisha kupitiwa na usingizi. Mke naye ana maswali yake: je, amechoka nami? Je, yuko mwingine? Wifi akadokeza kwamba huenda kuna mkono wa mtu, na mganga akatajwa. Bwana akatafuna mukombero kwa siri, kisha akanunua vidonge dukani kwa siri zaidi. Katika mwaka huo wote, hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza swali moja dogo: presha yako mara ya mwisho ilipimwa lini?

Damu inavyofanya kazi yake

Ndani ya kiungo cha mwanamume mna nguzo mbili za nyama laini zenye vijitundu vingi, mfano wa sifongo. Mwanamume anapopata hamu, ubongo hutuma habari kupitia neva, na kuta za mishipa hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hii huilegeza mishipa, nayo ikapanuka. Damu huingia kwa wingi na kuijaza sifongo ile, na ikishajaa huibana mishipa inayotoa damu, hata damu ikabaki ndani kwa muda. Huko ndiko kusimama. Hakuna mfupa wala msuli maalumu unaokishikilia kiungo hicho. Kinachokishikilia ni damu iliyoingia kwa nguvu na kuzuiliwa.

Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua jinsi gesi hiyo inavyopeleka habari katika moyo na mishipa ya damu. Tazama neno hilo: moyo. Gesi inayohitajika chumbani ndiyo inayoilinda mishipa ya moyo isikakamae. Ukuta wa mshipa ukishaharibika, huitoa kidogo kila mahali. Kwa hiyo udhaifu wa mume mara nyingi si ugonjwa wa kiungo kimoja. Ni habari ya mwili mzima.

Mshipa mwembamba hutangulia kuziba

Wengi hawakuwahi kuambiwa jambo hili, nalo ndilo kubwa katika makala yetu.

Mishipa inayopeleka damu katika kiungo cha mwanamume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Mishipa inayoulisha moyo ina upana wa milimita 3 hadi 4. Mafuta na ukakamavu vinapoanza kujijenga mwilini, huharibu mishipa yote kwa pamoja, lakini mwembamba hulemewa kwanza. Ni kama mabomba ya nyumbani. Kutu ile ile ambayo bomba kubwa bado linaivumilia, imekwisha kulifunga bomba dogo.

Ndiyo maana madaktari wa moyo wameona kwamba wanaume wengi wanaofika hospitali na maumivu ya kifua walikuwa wamedhoofika chumbani miaka 2 hadi 5 kabla. Moyo ulikuwa umekwisha kupiga hodi. Haukusikika, kwa kuwa hodi ilipigwa mahali pa aibu.

Turudi kwa bwana wetu wa Kitale. Mtu wa kwanza kuijua hodi ile hakuwa daktari, wala hakuwa rafiki yake wa ghalani. Alikuwa mkewe. Dada zetu, tunawaomba mlishike hili: mke ndiye anayeweza kuiona habari ya moyo wa mumewe kabla ya mashine yoyote kuiona. Akiichukulia kuwa ni dharau, nyumba itaingia fitina. Akiichukulia kuwa ni dalili, huenda akawa sababu ya uhai wa mumewe, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Vinavyoiharibu mishipa

Cha kwanza ni kisukari. Sukari nyingi katika damu huukwaruza ukuta wa mshipa kutoka ndani, na huziua neva zinazopeleka habari. Wanaume wenye kisukari hupatwa na udhaifu huu yapata mara tatu zaidi ya wenzao, tena mapema.

Cha pili ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, huufanya mshipa kuwa mgumu, na mshipa mgumu haupanuki unapotakiwa kupanuka.

Cha tatu ni tumbaku. Kaunti ya Bungoma inaijua tumbaku kwa karibu, kwani upande wa Malakisi wakulima wameilima kwa miaka mingi. Moshi wake huibana mishipa na kuipunguza ile gesi tuliyoitaja. Anayevuta ili atulize wasiwasi wake wa chumbani anaongeza kuni katika moto ule ule anaotaka kuuzima. Miraa na muguka nazo, ambazo huku pwani zimetupa shida kubwa, huupandisha mwendo wa moyo na presha.

Vingine ni kitambi, mafuta mabaya katika damu, chumvi nyingi na kukaa kitini mchana kutwa.

Pengine msomaji atasema: mimi sina hayo. Lakini umepima? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba asilimia 56 hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: takriban asilimia 88 hawakuwahi kupimwa. Presha haina maumivu. Mtu huishi nayo miaka kumi akijiona mzima.

Wala asidhani yuko peke yake. Uchunguzi mkubwa uliofanyika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 1994, ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na udhaifu huu kwa kiasi fulani, kidogo au kikubwa. Hilo si jambo la kumvunjia mtu heshima yake.

Si kila udhaifu ni wa damu

Tuwe waadilifu. Huzuni, madeni, ugomvi wa nyumbani na hofu ya kushindwa tena vinaweza kumdhoofisha mtu mwenye mishipa mizima. Upungufu wa homoni nao hufanya hivyo. Dawa nyingine za hospitali pia husababisha, zikiwamo baadhi ya dawa za presha.

Iko alama moja inayosaidia kupambanua. Mwanamume ambaye kiungo chake bado husimama vizuri alfajiri anapoamka, lakini hushindwa akiwa na mkewe, aghalabu tatizo lake liko zaidi katika fikra na moyo wa mapenzi. Yule ambaye hata alfajiri hamna kitu, na hali ilimjia polepole kwa miezi mingi, huyo mishipa na neva zake zitazamwe haraka. Alama hii haitoshi peke yake, lakini ni jambo la kumwambia daktari.

Na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu hii. Wako walioziacha ili wapate nguvu chumbani, wakapata kiharusi. Amweleze daktari, naye aweza kumbadilishia.

Mukombero na vidonge vya dukani

Hatusemi kwamba mzizi wa mukombero hauna faida. Wazee wa magharibi wameutumia kuleta hamu ya chakula na kutuliza tumbo, na wataalamu wameuchunguza, hasa kwa wanyama wa maabara. Lakini hata kama mzizi ungeamsha hamu, hauzibui mshipa wala haushushi sukari. Vivyo hivyo supu ya pweza: ni chakula kizuri, anayekipenda na ale. Hatari yake ni kwamba humpa mtu sababu ya kungoja, na hali mshipa haungoji.

Vidonge ni jambo jingine. Dawa iitwayo sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998 kwa jina la Viagra, ni dawa ya kweli, na madaktari huitoa. Kazi yake ni kuifanya athari ya ile gesi idumu muda mrefu zaidi katika mishipa. Lakini ina adui mmoja anayeua. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kundi la nitrati, zile ambazo wengine huweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akichanganya na sildenafili, presha yake yaweza kuanguka ghafla hata akafa. Ndiyo maana dawa hii hutakiwa kuandikwa na daktari. Tena pamegunduliwa, katika nchi mbalimbali, vifurushi vinavyoitwa dawa za mitishamba ambavyo ndani vimetiwa sildenafili kwa siri. Mnunuzi hudhani ametumia majani, kumbe ametumia kidonge asichokijua kipimo chake.

Mwaka mmoja wa subira

Wanazuoni wetu walilijua tatizo hili karne nyingi zilizopita, na katika vitabu vya fikihi lina mlango wake. Mke akimshitakia kadhi kwamba mumewe hajiwezi, wanazuoni wengi, wakifuata hukumu iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), wamesema mume apewe muhula wa mwaka mmoja kabla ya ndoa kutenguliwa. Hukumu hiyo ina masharti yake, na hasa inahusu mume ambaye hajawahi kumwingilia mkewe katika ndoa hiyo. Aliyefikwa amuulize sheikh au kadhi wake.

Sisi tunaokota hekima iliyomo. Wanazuoni walieleza kwamba mwaka huo ni ili misimu yote impitie mume, ya joto na ya baridi, huenda maradhi yakaondoka. Sheria haikumdharau mume wala haikuipuuza haki ya mke. Iliwapa wote wawili muda, na muda huo ulikuwa wa kujiuguza. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila na dawa yake. Basi aliyepewa mwaka akaumaliza kwa waganga, ameupoteza.

Sihiri hatuikanushi, kwani imetajwa katika Kitabu. Lakini ruqya haimzuii mtu kupima presha, na kupima presha hakumzuii kusoma ruqya. Avifanye vyote.

Dada yetu afanye nini

Kwanza, achague wakati. Si chumbani mara baada ya kushindwa, wala si mbele ya watoto. Baada ya chai ya jioni ni bora. Na aanze kwa kujitia yeye mwenyewe: "Bwana wangu, umri unakwenda. Kesho twende sote tukapimwe presha na sukari, mimi nitatangulia." Mwanamume mzito wa kwenda hospitali kwa ajili ya udhaifu wake huwa mwepesi wa kumsindikiza mkewe.

Pili, waende mahali panapopimwa. Kitale ipo Hospitali ya Rufaa ya Wamalwa Kijana, Bungoma ipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na vituo vidogo vya afya navyo hupima presha kwa dakika chache. Vipimo vya msingi ni presha, sukari ya damu kabla ya kula, mafuta ya damu, uzito na mzunguko wa kiuno. Presha ikifika 140/90 zaidi ya mara moja, au sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0, asirudi nyumbani bila mpango wa matibabu.

Tatu, bwana amwambie daktari kisa chote. Kumweleza tabibu si kufichua siri ya ndoa, maana haja ya tiba imeruhusu. Akiona haya mbele ya daktari wa kike, aombe wa kiume.

Nne, jiko libadilike kwa nyumba nzima, asitengwe mgonjwa. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kila wiki. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja. Ugali upungue katika sahani, na mboga ziongezeke. Kitale na Bungoma wamejaaliwa sukuma, kunde, mrenda na maharagwe. Na msikitini aende kwa miguu.

Haya si maneno ya kufariji tu. Huko Italia watafiti waliwachukua wanaume 110 wanene wenye udhaifu huu, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kwa karibu kupunguza uzito kwa chakula na mazoezi kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: karibu theluthi moja ya kundi hilo walirudiwa na nguvu zao za kawaida. Waliopewa maelezo ya jumla tu, waliorudiwa walikuwa wachache mno.

Tano, bwana akipata maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, jasho baridi na pumzi kukatika, hiyo si ya kungoja asubuhi. Akimbizwe hospitali, na kama alikuwa ametumia vidonge vya nguvu, wauguzi waambiwe papo hapo. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko eda.

Chama na mashine ya presha

Tumalizie kwa jambo la kheri kutoka huko huko magharibi. AMPATH, ushirikiano unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ya Eldoret, uliofanya utafiti katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, ulijaribu kuwatibu wagonjwa wa presha na kisukari katika vikundi, na baadhi ya vikundi hivyo vilikuwa pia vya kuweka akiba na kukopeshana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Presha ilishuka zaidi kwa wale waliounganisha matibabu ya kikundi na akiba ya fedha, kuliko kwa wale walioachwa waende kliniki kama kawaida.

Akina mama wa pwani, na ninyi akina mama wa Kitale na Bungoma, nani awafundishe habari za chama? Mnazo tayari. Mnachanga kwa arusi, kwa msiba na kwa vyombo. Changeni mara moja kwa mashine ya presha ya mkononi. Iwe inazunguka kila mkutano, na kila mwanachama arudi nayo kwake usiku mmoja ampime mumewe. Hakuna atakayejua nyumba gani ina shida gani, maana nyumba zote zitapimwa sawa. Siri itabaki siri, na maradhi hayatabaki siri.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Bwana wa Kitale tuliyemtaja hatumjui jina, na huenda hayuko Kitale. Huenda yuko nyumbani kwako, ameketi sebuleni anangoja ulale kwanza. Usilale. Mwite kwa upole.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya katika miili yetu, mapenzi na huruma baina ya waume na wake, na atuponyeshee wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.